Nyuso saba za mchemraba: kisa cha Darasa la Tano, Lindi

Swali lilikuwa la kawaida kabisa: "Chora mchemraba. Andika idadi ya nyuso, kingo na vipeo vyake." Ni Darasa la Tano katika shule ya msingi moja nje kidogo ya mji wa Lindi, watoto zaidi ya hamsini, wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Michoro mingi ilitoka safi: miraba miwili iliyopandana, kona zimeunganishwa kwa mistari minne ya mshazari, vilevile kama ilivyochorwa ubaoni. Kilichovuruga ni majibu. Wengi waliandika nyuso 6, kingo 12, vipeo 8, namba walizokuwa wamezikariri tangu wiki iliyotangulia. Wengine waliandika nyuso 3. Kundi la tatu, ambalo mwalimu aliliona ndilo lisilosikiliza, liliandika nyuso 7. Binti mmoja wa kundi hilo aliandika nyuso 7, kingo 16, vipeo 10.

Alipoitwa mezani aeleze, alijibu kwa utulivu: "Mwalimu, nimehesabu zote. Na hizi mbili ndogo ni pembetatu."

Na kweli alikuwa amehesabu. Chukua penseli uhakikishe mwenyewe. Kwenye daftari la hesabu, chora mraba wa vyumba 6 kwa 6. Chora wa pili wa ukubwa huohuo, uliosogea vyumba 2 kulia na 2 juu, kisha unganisha kona. Sasa weka kando jina la umbo, uhesabu tu sehemu zilizofungwa kwa mistari. Katikati, miraba miwili inapopandana, kuna mraba mdogo. Kuuzunguka kuna trapeza nne. Halafu kuna pembetatu mbili ndogo, moja chini kulia na nyingine juu kushoto. Jumla ni 7. Mistari inakatana mahali pawili ambapo kwenye mchemraba wenyewe hapana kona yoyote. Mtoto anayehesabu makutano hayo kuwa vipeo anapata 10 badala ya 8. Kila makutano yanakata kingo mbili, na kila ukingo uliokatwa unakuwa vipande viwili, kwa hiyo kingo 12 zinakuwa 16.

Namba zote tatu za binti yule ni sahihi. Ni sahihi kwa mchoro. Mchemraba hajawahi kuushika, kwa hiyo alihesabu kitu pekee kilichokuwa mbele yake. Akapata sifuri, na walioandika 6, 12, 8 bila hata kutazama walichochora wakapata alama zote. Tunakichambua kisa hiki kwa sababu kosa la namna hii linatokea katika madarasa mengi, na dawa inayotumika mara nyingi inalizidisha.

Walioandika 3 nao wana haki yao. Ukishika boksi mbele ya macho huwezi kuona zaidi ya nyuso tatu kwa mara moja. Watoto hao wanaujua mwili wa kitu. Walichokosa ni kuambiwa kwamba swali linauliza na zile zilizojificha.

Yaliyojaribiwa kwanza

Mwalimu alirudia somo. Alichora mchemraba mkubwa zaidi, miraba miwili kwa chaki za rangi mbili. Nyuso 7 hazikupungua. Mstari wa chaki ni mnene, na rangi mbili zinapokatana jicho linavutwa palepale kwenye yale makutano ya uongo. Ukazuka pia ubishi kati ya watoto wawili, mmoja akishikilia kwamba mraba wa mbele ni ule wa chini kushoto, mwingine akisema ni wa juu kulia. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mchoro wa miraba miwili usioonyesha mistari ipi iko nyuma unageuka machoni, mara upande huu uko mbele, mara ule. Louis Albert Necker, mwanasayansi wa Uswisi, aliliandikia jambo hilo mwaka 1832, na mchoro huo bado unaitwa kwa jina lake. Mtoto anayeuona upande wa pili si mbishi.

Kisha ukaja wimbo wa "sita, kumi na mbili, nane". Wimbo unasaidia kwa mchemraba na mche mstatili, lakini ikifika piramidi yenye kitako cha mraba watoto wanaimba uleule, ilhali piramidi hiyo ina nyuso 5, kingo 8 na vipeo 5.

Kipimo kilichofichua tatizo kilikuwa rahisi. Boksi la chaki liliwekwa mezani, watoto wakaambiwa wachore wanachokiona. Baadhi walichora mstatili mmoja tu. Baadhi walichora mstatili kisha wakaupachika mistatili mingine pembeni na juu, boksi lote likiwa limefunguliwa na kulazwa. Wengi walichora uso wa mbele na wa pembeni, lakini mstari wa chini ukanyooka moja kwa moja kutoka kushoto mpaka mwisho wa kulia. Na wale wenye michoro safi kuliko wote, wale wa miraba miwili, walichora miraba miwili. Boksi refu la chaki likatoka mchemraba.

Hilo la mwisho ndilo la kuhofia kuliko yote. Kanuni ya miraba miwili inazaa mchoro mzuri mkononi mwa mtoto ambaye hajatazama kitu chochote. Mwalimu akipita kati ya madawati anaona kazi nzuri, kumbe hakuna aliyejifunza kuchora umbo. Wamejifunza kuchora alama, vile vile wanavyojifunza kuandika herufi.

Ule mstari wa chini ulionyooka nao una sababu yake. Mtoto anajua boksi limekaa juu ya meza, na chini yake ni bapa. Anachora anachokijua. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyefuatilia michoro ya binti yake na kuchapisha utafiti huo mwaka 1913, alilieleza hili vizuri: mtoto mdogo anachora kile akijuacho kuhusu kitu kabla ya kuchora kile akionacho. Kumkaripia hakumfikishi popote. Kinachohitajika ni kumpa nafasi ya kuona kwamba hayo mawili yanatofautiana.

Chelewa na muhogo

Kazi ilianza upya kwa kujenga. Kila kundi la watoto watano au sita lilipewa njiti 12 za chelewa, yaani uti wa majani ya mnazi, zilizokatwa sentimeta 10 kila moja, na vipande 8 vya muhogo mbichi uliomenywa, vya ukubwa wa sentimeta 2 hivi kila upande. Njiti ni kingo, vipande vya muhogo ni vipeo. Pwani ya Kusini hakuna nyumba inayokosa ufagio wa chelewa, na muhogo upo, kwa hiyo gharama ni ndogo mno.

Muhogo uwe mtamu, na mwalimu ahakikishe mwenyewe kwa mwenye shamba. Watoto watautafuna, hata ukiwakataza, na muhogo mchungu ukiliwa mbichi ni sumu. Usipokuwa na uhakika, tumia udongo wa mfinyanzi uliokandwa ukawa mgumu kidogo. Udongo una kasoro yake: ukikauka unapasuka na njiti zinachomoka.

Chelewa kavu sana inavunjika inaposukumwa ndani ya muhogo. Chagua sehemu nene, ile iliyo karibu na shina la kuti, na uichonge ncha. Izamishwe sentimeta 1 tu. Kila kipande cha muhogo kinapokea njiti tatu, na zote zikielekezwa katikati kabisa zinagongana humo ndani na kukipasua; kila moja isogezwe kidogo pembeni. Ili pembe ziwe za mraba, mtoto aweke kona ya daftari kati ya njiti mbili akague kabla ya kuendelea.

Hatua ya kujenga ina mpangilio, na watoto wakiachwa hivihivi wanaanza na "nyumba" isiyofunga. Jenga mraba wa chini kwanza: njiti 4, vipeo 4. Simamisha njiti 4 juu ya vipeo hivyo. Jenga mraba wa juu pembeni, kando, kisha uulaze juu ya nguzo nne. Wakati wa kuulaza, watoto wawili washike nguzo, wawili washike mraba.

Karibu kila mchemraba utalala upande. Umbo la njiti la pande nne halijishiki; pembe zake zinacheza, tofauti na pembetatu. Mtoto mwerevu atataka kuongeza njiti ya mshazari ili lisimame imara. Kama fundi yuko sahihi, lakini mzuie kwa leo, maana atahesabu kingo 13. Badala yake, mwambie aufunge uso mmoja au miwili kwa karatasi ngumu.

Na hilo ndilo linalofuata: nyuso. Kata miraba sita ya sentimeta 10 kutoka kwenye maboksi chakavu, andika 1 hadi 6, ifunge kwa uzi kwenye njiti mmoja mmoja. Uso wa sita unapofungwa, sanduku limeziba, hakuna pa kuweka wa saba. Binti aliyeandika 7 alihitaji kufika hapo tu. Hakuambiwa amekosea; alitafuta mwenyewe mahali pa zile pembetatu mbili na hakupaona.

Kabla ya kuacha hatua hii, wafundishe kuhesabu bila kurukia. Nyuso 6, kila uso una kingo 4, hiyo ni 24. Lakini kila ukingo unashirikiwa na nyuso 2, kwa hiyo 12. Kila uso una kona 4, jumla 24, na kwenye kila kona zinakutana nyuso 3, kwa hiyo 8. Mtoto aliyeshika njiti mkononi anaielewa hesabu hii papo hapo. Akiisikia kwa maneno matupu, inampita. Hatuoni sababu ya kuharakisha hapa. Kipindi kizima cha dakika 40 kikiishia kwenye kujenga na kuhesabu, kimetumika vizuri. Mikoa hii imejaa watu wanaofikiri kwa maumbo mazima. Mchongaji wa Kimakonde anaanza na gogo la mpingo na kuliondoa kidogo kidogo, akijua upande wa nyuma ulivyo hata asipouona. Ujuzi wa namna hiyo ndio mtoto anaouhitaji kabla ya penseli.

Kazi ya kuchora ifanyike siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Muhogo ukinyauka unasinyaa, njiti zinalegea, na baada ya siku mbili tatu unaanza kuota ukungu.

Jicho moja na nailoni

Chukua boksi gumu, kata dirisha la sentimeta 20 kwa 15, ubandike juu yake nailoni angavu, ile ya kufunikia madaftari, ikiwa imevutwa bila kukunjamana. Simamisha fremu hiyo kati ya mtoto na mchemraba wake. Mtoto aegemeze kidevu juu ya rundo la madaftari, afumbe jicho moja, na afuatishe kingo anazoziona kwa maka peni moja kwa moja kwenye nailoni.

Kidevu kisipoegemezwa, kichwa kinasogea na mistari haikutani. Macho mawili yakibaki wazi kila ukingo unaonekana mara mbili, kwa sababu kila jicho lina picha yake. Fremu iliyo karibu sana na uso inamfanya mtoto ashindwe kuona wino na njiti kwa pamoja. Urefu wa mkono uliokunjwa nusu unatosha.

Anapoiondoa nailoni na kuiweka juu ya karatasi nyeupe, anaona kitu ambacho maneno hayawezi kumwonyesha: mstari wa chini wa uso wa pembeni umepanda. Meza ni bapa, boksi limekaa sawasawa, na bado mstari umepanda. Watoto wengi hurudi kutazama tena. Waache warudi.

Watagundua pia kwamba kingo za mbali zimetoka fupi kuliko za karibu, na kwamba mistari inayokwenda nyuma inaelekea kukutana. Hiyo ni kweli ya jicho. Mchoro wa daftari la hesabu unafuata utaratibu mwingine, na mwalimu lazima aseme hivyo waziwazi: kwenye daftari tunakubaliana kwamba kingo zilizo sambamba kwenye kitu zitabaki sambamba kwenye karatasi. Tunapoteza ukweli kidogo wa jicho, tunapata mchoro unaoweza kupimwa. Asiposema, mtoto mwenye nailoni nzuri ataona daftari linamdanganya.

Vyumba vya daftari

Mfano wa mche mstatili, yaani boksi la chaki. Chora mstatili wa mbele: vyumba 8 kwa upana, 5 kwa kimo. Weka penseli kwenye kona ya juu kulia, uvuke vyumba 3 kwa mshazari, kila chumba kona hadi kona, uweke nukta. Rudia kwenye kona ya juu kushoto na kwenye kona ya chini kulia. Nukta kwanza, mistari baadaye, hili lisimamiwe. Sasa unganisha kila nukta na kona yake, kisha unganisha nukta ya kushoto na ya juu kulia kwa mstari wa mlalo, na ya juu kulia na ya chini kulia kwa mstari wa wima. Boksi limekamilika likiwa na nyuso 3, kingo 9 na vipeo 7 vinavyoonekana.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye hatua hii ni kina. Mtoto anachora mchemraba wa vyumba 6 kwa 6, anajua pande zote ni sawa, anavuka vyumba 6 kwa mshazari. Anapata sanduku refu. Anahesabu tena, zote ni 6, haelewi. Sababu ni kwamba mshazari wa chumba ni mrefu kuliko upande wake, mara 1.41 hivi. Vyumba 6 vya mshazari ni sawa na karibu vyumba 8 na nusu vya mlalo. Zaidi ya hapo, jicho linategemea upande unaokwenda nyuma uonekane mfupi. Hata ukiuchora kwa urefu wake kamili unaonekana kuvutwa.

Kwa uso wa vyumba 6, vuka 2 au 3. Ukivuka 2, urefu wake ni vyumba 2.8, karibu nusu ya uso wa mbele, na nusu ndiyo desturi ya michoro mingi ya kiufundi ya namna hii. Ukivuka 3, ni vyumba 4.2, kama asilimia 70. Kwa watoto wadogo sisi tunapendelea 3, kwa sababu uso wa juu unapata nafasi ya kuandikwa namba na unaonekana vizuri hata kwa penseli butu. Waache wachore yote mawili na waseme lipi linafanana na mchemraba wa chelewa.

Kosa la pili: mshazari usio sambamba. Mtoto anayekisia nukta moja kati ya tatu anapata boksi lililopinda, kisha anafuta mstari usio na hatia. Mfundishe kukagua vyumba vya mshazari vyote vitatu kabla ya kugusa raba. La tatu ni la mwenye mkebe: anapima pembe ya uso wa juu kwa kipimapembe, anapata nyuzi 45 na 135, analalamika kwamba huo si mstatili. Jibu lake ni uso wenyewe wa boksi la karatasi mkononi, uliopimwa ukatoa 90. Pembe ya karatasini na pembe ya kitu ni vitu viwili.

Mistari iliyofichwa inakuja mwisho kabisa, ikiwa ya vipandevipande na hafifu: kingo 3 zinazokutana kwenye kipeo 1 kilicho nyuma, chini kushoto. Hapo ndipo hesabu inapofungana: zinazoonekana 9 na zilizofichwa 3 ni 12, vipeo 7 na 1 ni 8, nyuso 3 na 3 ni 6. Kwa mpangilio huu hakuna mtoto anayehitaji kuzihesabu pembetatu za uongo, kwa sababu mstari wa vipandevipande umeshamwambia "mimi niko nyuma".

Karatasi ya nukta za pembetatu, inayotumika kwa mchoro wa aisometriki, inafaa sana kwa michemraba iliyopangwa juu kwa juu. Mwingereza William Farish aliueleza uchoraji huo mwaka 1822 kwa ajili ya michoro ya mashine. Mwalimu anaweza kuitengeneza kwa rula: nukta kila sentimeta 2, mstari unaofuata sentimeta 1.7 chini yake na umesogea sentimeta 1. Lakini kwa swali la kuhesabu nyuso ina mtego. Mchemraba ukichorwa hivyo na kingo zake zote, kipeo cha mbele kinakifunika cha nyuma, na ndani ya umbo la pembe sita zinaonekana pembetatu 6. Mtoto anazihesabu, anaandika nyuso 6, anapewa vema. Amepata jibu kwa sababu isiyohusika kabisa, na hakuna atakayegundua.

Kopo na kawa

Mcheduara (umbo la kopo) na pia (umbo la kawa, lenye kilele na kitako cha duara) haviwezi kusubiri hadi mchemraba ukamilike, kwa sababu watoto wanavichora kila siku: ndoo, kopo, kinu. Kosa la kopo linajulikana: juu duara kamili, chini mstari ulionyooka. Ni meza ileile tena. Mpe mtoto kopo tupu alishike usawa wa macho. Mdomo wake ni mstari tu. Alishushe taratibu hadi kifuani. Mdomo unafunguka, na kadiri linavyoshuka ndivyo unavyozidi kuwa mviringo. Chini ya kopo kuko mbali zaidi na usawa wa macho kuliko juu, kwa hiyo tao la chini lichorwe limepinda kidogo zaidi ya la juu, kamwe lisinyooke.

Kwa mdomo, chora mstatili wa vyumba 8 kwa 2, weka nukta katikati ya kila upande, upitishe mstari mmoja laini kwenye nukta zote nne. Ncha za kushoto na kulia ndizo zinazoharibika: watoto wanazichonga. Ncha hizo ni za mviringo, ndogo lakini za mviringo. Zoezi la kuzungusha mkono hewani mara kadhaa kabla penseli haijagusa karatasi linasaidia kuliko raba.

Kwa pia hakuna kifaa bora kuliko kawa la kufunikia chakula. Mistari miwili inayoshuka kutoka kileleni iguse duara lililolala la chini kwa kuliambaa. Inaligusa juu kidogo ya ncha zake za pembeni. Ikichomekwa ndani ya duara, pia inaonekana imevunjika kiuno.

Kivuli ni somo la pembeni, ila likifanyika lifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa. Lindi na Mtwara ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Katika nusu ya pili ya Oktoba, na tena Februari, jua la saa sita linakaa karibu utosini na boksi uwanjani linakosa kivuli cha kuchora.

Kuuliza na kusahihisha

Swali la awali lilichanganya mambo mawili: kuchora na kuhesabu. Litenganishwe. Kwanza, kitu kiwekwe mezani, kisiwe mchemraba, na mtoto akichore. Mche mstatili mrefu unawafichua mara moja wanaotumia kanuni ya miraba miwili. Pili, mtoto ajaze jedwali la nyuso, kingo na vipeo vinavyoonekana, vilivyofichwa, na jumla. Jedwali hilo linawaokoa wale wa nyuso 3, maana sasa jibu lao lina mahali pake.

Kwa kujikagua, wafundishe kanuni ya Leonhard Euler: vipeo toa kingo jumlisha nyuso, jibu ni 2. Mchemraba, 8 toa 12 jumlisha 6. Piramidi, 5 toa 8 jumlisha 5. Mche pembetatu, 6 toa 9 jumlisha 5. Majibu ya binti yule, 10 toa 16 jumlisha 7, yanatoa 1, na angeweza kujishtukia mwenyewe. Kwa watakaomaliza mapema, wape bwawa la pembe nane lililo kwenye magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, mkoa huuhuu wa Lindi: mche wenye kitako cha pembe nane una nyuso ngapi ukifunikwa juu? Nyuso 10, kingo 24, vipeo 16. Kanuni hii isipelekwe kwenye kopo wala kawa. Huko nyuso zimepinda na kujumlisha hakufuati.

Katika alama, mchoro wenye mshazari sambamba na kina kilichofupishwa upate alama zake hata kama hesabu imekosewa. Na namba zinapokuwa 7, 16 na 10, au 7 peke yake, usiweke mkasi upesi. Mwite mtoto, aoneshe kwa kidole kila uso mmoja mmoja juu ya mchoro. Kwa darasa la watoto hamsini haiwezekani kuwaita wote. Waite wale ambao majibu yao yanalingana na mistari waliyochora, na uwe na boksi moja mezani la kuwapa mkononi.